Mstari umetoka nje ya ukanda: utatuzi wa matatizo unapopima modeli za nukta kwa uigaji

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ana ruwaza ya nukta mkononi (miti, viota, visima, nyota), ameshaweka modeli, ameendesha miigo (ruwaza za kubuni ambazo kompyuta inazitoa kwenye modeli hiyo ili zilinganishwe na data), na grafu iliyotoka haieleweki. Nimeupanga kwa dalili kwa sababu ndivyo watu wanavyouliza: mstari wa data umetoka nje ya ukanda unaochorwa kwa miigo, p (uwezekano wa modeli sahihi kutoa mkengeuko kama wa data au zaidi) inarukaruka, kompyuta imegoma. Amri ninazozitaja ni za kifurushi cha spatstat ndani ya R (programu ya takwimu), lakini matatizo yenyewe yatakufuata hata ukihamia programu nyingine.

Jambo moja linajitokeza karibu katika kila dalili, kwa hiyo litangulie. Kipimo cha uigaji kinasimama juu ya sharti kwamba, kama modeli ni sahihi, huwezi kuzitambua data zako zikichanganywa na miigo. Chochote ulichozitendea data, iwe ni kukata eneo, kukadiria msongamano au kufuta nukta zinazojirudia, usipoitendea na miigo, kipimo kitaanza kugundua tofauti uliyoitengeneza mwenyewe.

Kwanza kabisa: je, msimbo wako ni mzima?

Endesha msimbo uleule juu ya data ambazo majibu yake yanajulikana. Spatstat inakuja na seti tatu kongwe: `cells` yenye nukta 42 zinazopeana nafasi, `redwood` yenye nukta 62 zilizokusanyika, na `japanesepines` yenye nukta 65 ambazo hazitofautiani na unasibu kamili. Chora L(r) − r. (K(r) ni wastani wa majirani walio ndani ya umbali r kutoka kwa nukta, ukigawanywa kwa msongamano; L ni kipeuo cha pili cha K/π, na kwenye unasibu kamili ni sawa na r.) Ya kwanza ishuke chini ya ukanda, ya pili ipande juu, ya tatu ibaki ndani. Ukipata kinyume, acha data zako kwanza, kosa liko kwenye msimbo.

Hatua ya pili ni nzito zaidi lakini ina faida kubwa. Toa ruwaza 100 kutoka kwenye modeli yako mwenyewe, na kila moja ipime kana kwamba ndiyo data. Kwa kiwango cha 0.05, takriban tano zikataliwe. Zikikataliwa 30, au isikataliwe hata moja, soma dalili zinazofuata.

Dalili: mstari uko nje ya ukanda karibu kila mahali, na modeli zote zinakataliwa

Sababu inayoongoza kwa mbali: msongamano haufanani eneo zima, ilhali umepima dhidi ya unasibu kamili. Ukiipa `envelope`, amri inayochora ukanda, ruwaza tupu bila modeli, miigo yake huwa ya Poisson (nukta za nasibu zisizotegemeana) yenye msongamano sawa kote. Kama miti ni mingi bondeni na michache mlimani, mstari utapanda juu hata kama hakuna mti unaomvuta mwenzake. Angalia hivi: badala ya K au L, chora fanksheni ya jozi, g(r), inayoangalia jozi zilizo kwenye umbali r wenyewe tu, na ambayo 1 ni unasibu kamili. Makundi halisi huonekana kama kilele kwenye umbali mfupi, kisha mstari hurudi kwenye 1. Msongamano usio sawa huuacha mstari ukielea juu ya 1 hata kwenye umbali mrefu. K haikuoneshi tofauti hiyo vizuri kwa kuwa ni ya kujumlisha: kilichotokea kwenye mita 2 kinaendelea kuubeba mstari hadi mita 20. Ndiyo maana pia ni kosa kusema "nukta zimekusanyika hadi mita 20" kwa sababu tu mstari wa K bado uko juu hapo.

Sababu ya pili ni dirisha. Watu wengi huacha programu ichore mstatili kuzunguka nukta zote na kuuita eneo la utafiti. Tuseme 20% ya mstatili huo ni ziwa, na nukta zimetawanyika kwa unasibu kwenye nchi kavu iliyobaki. Umegawanya idadi ya nukta kwa eneo lililo kubwa kuliko la kweli, hivyo K ya umbali mfupi inazidi πr² mara 1/0.8, yaani 1.25. Umepata "makundi" ya 25% kutoka kwenye ziwa. Miigo nayo inadondosha nukta majini, jambo ambalo data haziwezi kufanya. Dawa ni kuchora mpaka wa kweli na kuyakata maji, majabali, barabara na kila pasipowezekana nukta kuwepo.

Sababu ya tatu ni vipimo. Kama kuratibu zako (namba za mahali pa kila nukta) ni za nyuzi za latitudo na longitudo, umbali unaokokotolewa hauna maana. Nyuzi moja ya latitudo ni takriban km 111, ila nyuzi ya longitudo husinyaa kadiri unavyoiacha ikweta, na kwenye latitudo 60 imebaki nusu. Duara la kipimo linakuwa yai. Hamisha kuratibu kwenye mfumo wa mita kabla ya chochote.

Ya mwisho si hitilafu. Ukiwa na nukta 20,000, kipimo kina nguvu ya kugundua kasoro ndogo zisizo na maana kwa mtu yeyote, na kwa idadi hiyo karibu kila modeli rahisi itaanguka. Acha kuuliza kama modeli imekataliwa, uliza imekosea kwa kiasi gani na kwenye umbali upi.

*Simama hapa:* kama hujui ni msongamano usio sawa au ni nukta zinazovutana, na una ruwaza moja tu, huenda hakuna hesabu itakayokuamulia. Mtakwimu Bartlett alishaonesha mwaka 1964 kwamba mchakato wa makundi na mchakato wa msongamano wa nasibu unaweza kuwa kitu kilekile kihisabati. Uamuzi unatoka kwa anayeijua miti, si kwenye programu. Mtafute.

Dalili: mstari umechungulia nje sehemu moja tu

Hapa ndipo makosa mengi yaliyochapishwa yanapozaliwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukanda wa kawaida wa `envelope` hutengenezwa kwa miigo 99: kwa kila umbali r, unachukua thamani ya chini kabisa na ya juu kabisa. Kwa umbali *mmoja* uliouchagua kabla ya kuona data, uwezekano wa modeli sahihi kutoka nje ni 2/100, yaani 0.02. Lakini wewe hukuangalia umbali mmoja. `Kest`, amri inayokadiria K, kwa kawaida hukokotoa thamani 513 za r, nawe ukapitisha macho kwenye mstari mzima ukitafuta popote ulipotoka. Thamani hizo zinategemeana, kwa hiyo huwezi kuzidisha tu, lakini uwezekano wa kutoka *mahali fulani* ni mkubwa kuliko 0.02 kwa kiasi kikubwa. Loosmore na Ford waliliandikia jambo hili waziwazi mwaka 2006, na bado grafu za namna hiyo zinaendelea kutolewa zikiwa na maneno "ukanda wa 95%" chini yake. Si ukanda wa kuaminia. Ni mipaka ya kukataa kwa umbali mmoja mmoja.

Anza na dawa nyepesi: weka `global=TRUE`. Ukanda utakuwa na upana mmoja kote, na kwa miigo 19 kiwango chake ni 1/20, yaani 0.05 kwa mstari mzima. Ukifanya hivyo tumia L badala ya K, tafadhali. Mtawanyiko wa K unakua kadiri r inavyokua, hivyo ukanda wa upana mmoja utaamuliwa na kelele za umbali mrefu, na kasoro ya umbali mfupi itapita bila kuonekana. L inasawazisha hilo kwa sehemu kubwa.

Ukihitaji namba moja badala ya picha, kuna `mad.test`, inayochukua mkengeuko mkubwa kuliko yote, na `dclf.test`, inayojumlisha miraba ya mikengeuko. Ya pili mara nyingi ina nguvu zaidi ilimradi umechagua mwisho wa r kwa busara. Ukiurefusha ovyo, kelele zinaizamisha. Kanuni ya mkono ni kutopita robo ya upande mfupi wa mstatili. Na mwisho huo uchague kabla ya kuona mstari! Kuusogeza mpaka p ishuke ni kujidanganya.

Dawa ya kina zaidi ni kifurushi cha GET, kinachopanga mistari mizima kwa jinsi ilivyo ya kupindukia na kukupa ukanda na p kwa pamoja. Hifadhi miigo kwa `savefuns=TRUE`, kisha ipeleke kwenye `global_envelope_test`. Kipimo cha awali cha kupanga mistari kwa nafasi, alichokichapisha Myllymäki na wenzake mwaka 2017, kilipendekezwa kwa miigo 2,499. Toleo linaloangalia pia urefu wa ukiukaji linaridhika na michache zaidi.

Dalili: modeli inapita kila kipimo, na p inaning'inia juu kila mara

Hii haina malalamiko mengi kwa sababu watu hufurahi. Isikufurahishe.

Sababu ya kawaida ni kupima kwa kitu kilekile ulichotumia kuwekea modeli. `kppm`, amri ya kuweka modeli za makundi, usipoiambia vingine, hutafuta vigezo vitakavyoufanya mstari wa K wa modeli ukaribie mstari wa K wa data. Kisha unachora ukanda wa K na kushangaa mstari umekaa katikati. Utakaaje pengine? Badili fanksheni: kama uliweka kwa K, pima kwa G ya umbali wa jirani wa karibu, F ya nafasi tupu, au J inayoziunganisha.

Sababu ya pili ni pana zaidi, na kubadili fanksheni hakuiondoi yote. Vigezo umevikadiria kutoka kwenye data, kwa hiyo modeli imeshavutwa kuelekea data kabla ya kipimo kuanza. Miigo hutoka kwenye vigezo hivyo, lakini hakuna mwigo hata mmoja uliopata nafasi ya kuwekewa modeli *yake*. Matokeo ni kipimo kilegevu: unadhani kiwango ni 0.05, kumbe modeli sahihi inakataliwa mara chache kuliko hapo, na modeli mbovu nayo inaponea hapohapo.

Kama unachopima ni unasibu kamili tu, dawa ni nyepesi: `fix.n=TRUE`. Idadi ya nukta ikishafungwa, hakuna kigezo kilichobaki cha kukadiria. Kwa modeli nyingine unahitaji kipimo cha ngazi mbili. `dg.test` inafuata njia ya Dao na Genton ya mwaka 2014: kila mwigo wa ngazi ya kwanza unawekewa modeli upya, unatoa miigo yake, unapata p yake, kisha p ya data inalinganishwa na hizo p nyingine. `bits.test` ya Baddeley na wenzake (2017) inatumia seti mbili zinazojitegemea na ndiyo ninayoanza nayo. Bei yake ni muda: kwa 99 kwa 99 unazungumzia karibu miigo 10,000. Jaribu kwa 19 kwanza uone kama kompyuta inahimili.

Sababu ya tatu: fanksheni uliyochagua haioni kasoro iliyopo. Mwaka 1984 Baddeley na Silverman walitengeneza mchakato ambao K yake ni ileile ya Poisson kabisa, ingawa si Poisson hata kidogo. Toa ruwaza hiyo kwa `rcell`, ipime kwa K, kisha kwa G. Ukishaona kwa macho yako, hutaandika tena "K haikukataa, hivyo nukta ni za nasibu".

Na huenda una nukta 25 tu. Hapo p kubwa haisemi lolote.

Dalili: p inabadilika kila ninapoendesha

Ni kawaida; miigo ni ya nasibu. Funga mbegu kwa `set.seed` ili matokeo yarudike, lakini mbegu haiongezi usahihi, inaficha tu mtikisiko. Kama p ya kweli iko karibu na 0.05, kosa sanifu la makadirio yake ni takriban 0.022 kwa miigo 99 na 0.007 kwa miigo 999. Kwa hiyo 0.03 leo na 0.07 kesho kwa miigo 99 si hitilafu. Ongeza miigo.

Kumbuka pia kwamba p ni (1 + idadi ya miigo iliyoifikia au kuizidi data) / (1 + idadi ya miigo yote). Kwa miigo 19 haiwezi kushuka chini ya 0.05 hata data zako ziwe za ajabu namna gani. Anayeripoti 0.000 kwa miigo 99 amesahau kuihesabu data yenyewe.

Dalili: mstari unaruka juu karibu kabisa na sifuri

Kwa mpangilio wa kawaida wa visa:

1. Nukta zinazojirudia. `anyDuplicated` itakuambia papo hapo. Kifaa cha GPS kilichobonyezwa mara mbili ni kosa, futa. Lakini kama kweli ni vitu viwili mahali pamoja, modeli ya nukta za kawaida hairuhusu hilo na unahitaji modeli nyingine.
2. Kuratibu zilizokadirishwa. Zikiwa zimeandikwa kwa mita kamili, nukta zinakaa kwenye gridi na umbali chini ya mita moja haupo, ila sifuri. Mstari unapanda kwa ngazi. Ikadirishe miigo vilevile, au usitafsiri chochote chini ya umbali huo.
3. g(r) yenyewe. Makadirio yake karibu na sifuri hayatulii hata kwa data safi.

Ukishawishika kutikisa nukta kidogo ili zisilingane, jua unatengeneza data mpya za umbali mfupi. Hilo liandikwe kwenye ripoti.

Dalili: nimerekebisha msongamano, sasa nukta zinaonekana kukimbiana

Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni wa kimya: umeandika `envelope(X, Kinhom)` (Kinhom ni K iliyorekebishwa kwa msongamano usio sawa) ukidhani miigo itafuata msongamano wako. Haifuati. Bado ni ya msongamano sawa kote. Lazima uiambie:

`lam <- density(X, sigma=s)`
`envelope(X, Kinhom, sigma=s, simulate=expression(rpoispp(lam)))`

Angalia nilichopitisha kwa Kinhom: ni `sigma`, si `lam`. Kwa njia hii msongamano unakadiriwa upya ndani ya kila mwigo, kama ulivyokadiriwa kwenye data. Ukiipa picha ya `lam` iliyotoka kwenye data, data zinahukumiwa kwa kipimo kilichoshonwa kwa mwili wao, na miigo inavalishwa nguo isiyo yao.

Mtego wa pili ni upana wa kulainisha, yaani hiyo `sigma`. Ukiwa mdogo, kila kikundi cha nukta kinageuka kuwa "kilima cha msongamano", makadirio yanakuwa makubwa palepale penye nukta, na kwa kuwa Kinhom inagawanya kwa makadirio hayo, mstari unazama. `bw.diggle` mara nyingi huchagua upana mdogo. Linganisha na `bw.scott`, ambayo kwa kawaida hutoa mkubwa zaidi. Kama hitimisho linageuka kwa kubadili upana, huna hitimisho. Bora zaidi ni kueleza msongamano kwa vitu vilivyopimwa nje ya nukta, kama mwinuko, udongo au umbali kutoka mtoni, kupitia `ppm`, amri nyingine ya kuweka modeli.

Dalili: uigaji unagoma au hauishi

Modeli ya Strauss (ya nukta zinazosukumana) yenye gama, kigezo cha kusukumana huko, inayozidi 1 haipo kihisabati. Jaribu `valid`, ikijibu FALSE, data zinakuambia nukta zimekusanyika nawe umechagua modeli ya kusukumana. Usilazimishe, hamia `kppm`.

Modeli za Gibbs (ambamo nukta jirani huathiriana, Strauss ikiwamo) huigwa kwa mnyororo wa hatua nyingi, na mnyororo uliokatwa mapema hutoa miigo inayofanana na mwanzo wake badala ya modeli. Ongeza `nrep` mara kumi. Ukanda ukihama, ulikuwa hautoshi.

Kama shida ni muda tu: punguza mwisho wa r, tumia marekebisho ya ukingo (ya majirani wasioonekana nje ya mpaka) yaliyo mepesi, na hifadhi ruwaza kwa `savepatterns=TRUE` ili usiige upya kila unapobadili fanksheni. Ukipitisha nukta 3,000, `Kest` yenyewe huhamia kwenye marekebisho ya mpaka peke yake, jambo linalowashtua wengi wanapoona safu zimepungua kwenye jedwali.

Dalili: nina aina mbili za nukta, na vipimo viwili vinapingana

Huenda havipingani. Kuchanganya lebo kwa `rlabel` kunauliza: mahali pakishajulikana, je, lebo ziligawiwa kwa bahati? Hilo linafaa kwa miti iliyougua na isiyougua. Kusogeza aina moja nzima kwa `rshift` kunauliza kama michakato miwili inajitegemea, swali la spishi mbili zilizoota kila moja kivyake. Kwa spishi mbili zinazojitegemea ambazo moja imekusanyika na nyingine haikukusanyika, `rlabel` inaweza kukataa bila kosa lolote. Chagua swali kwa jinsi nukta zilivyotokea.

Wakati wa kumwita mtakwimu wa data za kimahali

Mwite bila kuchelewa kama nukta zako ziko juu ya barabara au mito (umbali wa hewani haufai, kuna mbinu za mitandao), kama zilikusanywa pale tu mtu alipoweza kufika, kama "nukta" ni vitovu vya maeneo ya utawala, au kama matokeo yataamua jambo zito kama kutangaza mlipuko wa ugonjwa. Data za wagonjwa usimtumie mtu yeyote kabla ya kupata kibali.

Unapokwenda, beba kuratibu ghafi kabla ya kusafishwa, mpaka wa eneo, msimbo wote pamoja na mbegu, toleo la spatstat, na sentensi moja inayosema modeli yako inadai nini kuhusu jinsi nukta zilivyotokea. Sentensi hiyo ndiyo atakayoiomba kwanza.